MAABARA NAYO IJE MTAANI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametukataza kuanza kila insha kwa methali, lakini leo anisamehe. Ufa ninaotaka kuusema niliuona kwa macho yangu, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wale waliouchimba.

Mwezi wa Aprili 2025, mvua ya masika ilipokuwa imejaza mitaro yote ya Mukuru kwa Reuben, ndugu yangu mdogo aliugua. Alikuwa na miaka saba. Homa ilipanda jioni, ikashuka kidogo asubuhi, ikapanda tena. Tumbo lilimsokota na chakula akakikataa. Mama alikuwa ametoka kibaruani, miguu imemvimba. Alinipa shilingi hamsini akaniambia, "Enda kwa kemisti, mwambie ni homa na tumbo. Akupatie zile za rangi mbili."

Nilienda mbio. Yule muuzaji, ambaye sote mtaani tunamwita daktari, hakuuliza mengi. Alihesabu vidonge vinne akavitia katika bahasha ndogo. Nyumbani tulivifungua, tukakoroga unga wake ndani ya chai. Siku ya pili homa ilipoa, nasi tukaviweka vilivyobaki katika mkebe chini ya kitanda, ati vitamfaa mwingine. Siku ya tano homa ilirudi. Nikatumwa tena. Nilitumwa mara tatu kwa jumla, na mara zote tatu nilinunua dawa ile ile, kidogo kidogo, kwa kadiri ya pesa zilizokuwapo.

Wiki ya tatu mtoto hakuweza kusimama. Tulimbeba hadi hospitalini. Huko walimtoa damu wakaitia katika chupa, na siku ya nne mtaalamu wa maabara akaleta karatasi. Ilikuwa na orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa kulikuwa na herufi moja. Nilimwuliza maana yake. Akasema, "Msichana wangu, S ni dawa ambayo bado inaweza kuua viini hivi. R ni dawa ambayo viini vimeishinda." Nilitafuta jina la dawa yetu ya rangi mbili. Mbele yake palikuwa na R.

Ndugu yangu alibadilishiwa dawa, akapona. Lakini alilala kitandani siku kumi na moja, na mama alipoteza kibarua kwa kukaa naye. Karatasi ile ninayo hadi leo, nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu la Biolojia. Kila ninapoitazama ninajiuliza: kwa nini tuliijua herufi hiyo baada ya wiki tatu, na si siku za kwanza? Jibu nililolipata ni hili, na ndiyo hoja yangu yote. Dawa imefika mlangoni petu Mukuru, lakini maabara ya kupima dawa hiyo haijafika. Nayo yaweza kufika, kwa maana vifaa vyake si vya bei ya kutisha kama tunavyodhani.

Hebu kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, usugu. Baba yangu hufanya kazi ya mjengo. Viganja vyake vimeota sugu, hata akishika sufuria ya moto haungui upesi. Mimi nilidhani bakteria nao hufanya vivyo hivyo: wakichomwa na dawa kidogo kidogo wanajikaza mpaka wanazoea. Mwalimu wa Biolojia alinisahihisha. Bakteria mmoja mmoja haoti sugu. Ila katika mamilioni yao, wachache hutokea wakiwa na jeni inayowawezesha kuistahimili dawa. Dawa inapowaua wenzao, wachache hao wanabaki na nafasi yote na chakula chote. Wanazaana upesi, wapo bakteria ambao katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika ishirini hivi. Tena huweza kupeana jeni hizo, kama majirani wanavyoazimana chumvi. Kwa hiyo dawa isiyofaa, au dawa isiyotosha, ni kama kumfukuzia adui yako wapinzani wake.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka wa 1928. Alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, alitoa onyo katika hotuba yake. Alisimulia kisa cha kubuni cha mtu mmoja mwenye maumivu ya koo ambaye anajinunulia penisilini na kujitibu kwa kiasi kisichotosha. Viini vyake vinakuwa sugu, anamwambukiza mkewe, na mke anafariki kwa kuwa dawa haimsaidii tena. Mpenzi msomaji, nilipokisoma kisa hicho nilishtuka. Kilisimuliwa miaka themanini kabla ya mimi kutumwa na shilingi hamsini, na bado mtu yule ni mimi.

Mwaka wa 2016 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Baym na Roy Kishony, pamoja na wenzao, waliuonyesha usugu mbele ya macho ya watu. Walitengeneza kisahani kikubwa kama meza, upana sentimita 60 na urefu sentimita 120. Wakamimina humo agari, ule uji wa mwani unaoganda kama jeli, wakautia wino mweusi ili bakteria weupe waonekane. Pembeni hapakuwa na dawa. Kila walipokaribia katikati waliongeza dawa, mara kumi, mara mia, hadi mara elfu moja ya kiasi cha kuua. Bakteria walisambaa, wakasimama kwenye mpaka, kisha mmoja mwenye bahati akapenya na wazao wake wakafuata. Kwa muda wa siku kumi na moja hivi, walikuwa wanaishi katikati, penye dawa mara elfu moja. Angalieni vifaa vyenyewe: sahani, agari, wino, dawa na kamera. Ugumu wa jaribio hilo haukuwa katika bei ya mitambo. Ulikuwa katika akili iliyolipanga.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba hayo ni ya Marekani. La hasha! Watafiti wa taasisi yetu ya KEMRI, akiwemo Profesa Samuel Kariuki, wamechunguza taifodi sugu papa hapa Mukuru kwa miaka mingi. Kati ya mwaka wa 2013 na 2018 walichukua sampuli za watoto wa mtaa huu. Waliwapata viini vya taifodi vinavyoshinda dawa kadhaa za zamani kwa wakati mmoja. Tena waliwapata hata watoto waliobeba viini hivyo bila kuugua wala kuwa na homa. Maana yake ni kwamba mtoto anayecheza nawe kichochoroni anaweza kuwa na viini sugu, na wala hajui. Maji ya mtungi yakipita katika bomba la plastiki lililotobolewa ndani ya mtaro, safari ya viini hivyo huwa fupi sana.

Kwa hivyo wataalamu wanavijua viini vya Mukuru hadi kwenye jeni. Lakini mama anayeishi Mukuru, na hata mhudumu wa zahanati ndogo, hana njia ya kujua leo ni dawa gani inayofaa. Anakisia. Mara nyingi kinachopatikana ni kile kipimo cha haraka kiitwacho Widal, cha kuchanganya tone la damu na dawa ya kupimia. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, wala si viini vyenyewe. Kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa uliopita, au za viini vingine vya jamaa hiyo. Hata kikisema kweli, hakikuambii S wala R. Ndiyo maana watu wengi mtaani "wana taifodi" kila mwezi, na kila mwezi wanameza.

Kipimo kinachotoa zile herufi kinafanywaje? Nilimwomba mwalimu anieleze, na nilipoelewa nilishangaa kuona jinsi kilivyo karibu na kazi ya jikoni. Unaotesha viini vya mgonjwa. Unavipaka juu ya agari katika kisahani. Unaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimeloweshwa dawa tofauti. Unafunika, unaweka mahali penye joto la mwili wa mtu usiku kucha. Asubuhi, penye dawa inayofaa utaona duara safi ambamo hakuna kilichoota. Dawa iliyoshindwa haina duara, au duara lake ni dogo. Unapima kwa rula na kulinganisha na jedwali. Njia hii ilisanifiwa na Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, mwaka wa 1966, na mpaka leo inatumika duniani kote.

Hata agari yenyewe ilitoka jikoni. Mwaka wa 1881, katika maabara ya Robert Koch huko Ujerumani, watafiti walihangaika kwa kuwa jeli waliyoitumia iliyeyuka wakati wa joto. Aliyewatatulia ni Fanny Hesse, mke wa mmoja wao, ambaye alikuwa akitumia agari kugandisha vyakula vyake. Nawaombeni wavulana mnaocheka wasichana wa somo la Sayansikimu mlikumbuke jina hilo.

Sasa tuje kwenye bei. Mtambo wa kuua viini kwa mvuke ni ghali, lakini sufuria ya presha iliyo nzima, ikitumiwa kwa uangalifu, hufanya kazi ile ile kwa vitu vidogo. Sanduku la joto ni ndugu ya lile la kuangulia vifaranga: linahitaji kasha lisilopitisha baridi, chanzo cha joto na kidhibiti cha joto. Kupima maduara kunahitaji jicho lililofunzwa, ila shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limetengeneza programu ya simu iitwayo Antibiogo. Unapiga picha kisahani, nayo inakusaidia kupima maduara na kuyasoma, bila malipo. Shirika hilo hilo limeunda maabara ndogo inayosafirishwa kwa masanduku na kufunguliwa mahali pasipo na maabara, nayo imetumika Haiti na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hapo jirani zetu Tanzania, mafundi wa Dar es Salaam wamechapa kwa plastiki vipande vya hadubini ya OpenFlexure, ambayo ramani yake hutolewa bure kwa kila mtu, na watafiti wa Ifakara wameitumia kuchunguza malaria.

Wapo watakaonicheka na kuniambia kwamba rahisi ni ghali. Ati vifaa hivi ni vya kuwanyamazisha maskini, wakati matajiri wana mitambo ya kweli. Hoja hii ina uzito na siikwepi. Lakini sikilizeni kisa cha Manu Prakash, mhandisi wa Stanford. Alipotembea Uganda mwaka wa 2013 aliona katika zahanati moja mashine ya kuzungusha damu, mashine ya bei kubwa, imewekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Umeme haukuwapo. Mwaka wa 2017 yeye na wenzake walitangaza mashine yao ya karatasi na uzi, inayogharimu senti ishirini za dola. Inazunguka kama kile kichezeo chetu cha kifuniko cha soda kilichotobolewa matundu mawili na kupitishwa uzi. Haipimi usugu, inatenganisha damu tu, lakini funzo lake linatuhusu. Mashine ghali isiyofanya kazi ndiyo iliyo duni. Kifaa cha bei nafuu kinakuwa duni pale tu kinapotumiwa bila kukaguliwa. Maabara ndogo ikiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na ikijijaribu mara kwa mara kwa bakteria ambao majibu yao yanajulikana tayari, herufi zake zitaaminika. Isipojijaribu, R yake na S yake ni bahati nasibu, na hapo heri isiwepo.

Wengine watasema kwamba kipimo hiki huchukua siku mbili, tatu au nne, na mtoto mwenye homa hawezi kungoja. Ni kweli. Hata hospitalini ndugu yangu alianzishiwa dawa kabla ya karatasi kutoka. Lakini hebu fikirini. Zahanati ikipima wagonjwa kadhaa kila wiki na kuandika majibu katika daftari, baada ya miezi michache itajua ni dawa gani zinazoshindwa Mukuru msimu huu. Mgonjwa anayefuata atapewa dawa kwa kukisia bado, ila kwa kukisia kwa mwenye macho. Kipimo cha mmoja kitamfaa jirani. Haya hayawezi kupatikana kwa sampuli za mitaa mingine, kwa kuwa viini vya huko si lazima viwe vya huku.

Tena wapo wanaotaka kulaumu akina mama na wauza dawa peke yao. Sheria inasema antibiotiki zisiuzwe bila cheti cha daktari, nami naiunga mkono. Lakini kemisti hufungua mpaka usiku, hukopesha, na humjua mama yangu kwa jina. Kungoja kwenye foleni kutwa nzima ni kupoteza mshahara wa siku. Ukimwambia mtu asinunue dawa ovyo, sharti umwonyeshe mahali pengine pa kwenda, tena pawe karibu. Mwaka wa 2019 pekee inakadiriwa kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Siamini kwamba wote hao walikuwa wakaidi. Wengi walikuwa na homa, na pesa kidogo mfukoni.

Basi ninaomba nini? Kwanza, viongozi wetu wa kaunti, wanapopanga vituo vya afya vya Mukuru, wasisahau chumba kimoja kidogo cha kuotesha viini, chenye mtaalamu mmoja na vifaa vya bei nafuu vinavyokaguliwa. Mwezi wa Julai 2025 serikali ilileta chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, na ndugu yangu alichanjwa. Tunashukuru. Lakini chanjo hiyo haikingi viini vingine vyote, na sisi wa miaka kumi na mitano kwenda juu hatukuipata.

Pili, shule yetu ianze. Sisemi tuoteshe viini vya wagonjwa, wala kinyesi, wala maji ya mtaro! Huo ni wazimu, na mwalimu mkuu angetufukuza kwa haki. Shule za Uingereza hutumia bakteria wasio na madhara kwa watu wenye afya, kama Bacillus subtilis wa mchangani. Mwalimu akiwapata kutoka mahali panapoaminika, chama cha sayansi kiunde sanduku la joto, na badala ya antibiotiki tulowanishe karatasi kwa maji ya kitunguu saumu. Visahani vifungwe kwa utepe visifunguliwe tena, na kazi ikiisha vichemshwe katika sufuria ya presha. Kitunguu si tiba ya taifodi, asije mtu akanielewa vibaya. Nataka tu kila mwanafunzi aone duara lile kwa macho yake. Kwa silabasi yetu, Monera tunawasoma kidato cha tatu, na usugu wa dawa unangoja mada ya mageuko kidato cha nne. Bakteria wa Mukuru hawangoji kidato cha nne.

Tatu, ninawaomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Karatasi ya ndugu yangu iliandikwa yote kwa Kiingereza, na mama hakuelewa hata neno moja. Tunaweza kuandika bango la Kiswahili chepesi lenye maswali matatu ya kuuliza mtu anapopewa dawa: Je, ugonjwa huu umepimwa au tunakisia? Je, ni bakteria, maana antibiotiki haziui virusi vya mafua? Je, dozi nzima ni ya siku ngapi? Tulibandike langoni kwa shule, na pia kwa kemisti, akikubali.

Mimi nimekwisha anza. Ule mkebe wa chini ya kitanda nilimpelekea mhudumu wa afya, akauchukua na kuniahidi kwamba vidonge vitateketezwa. Mama alinitazama nikiubeba. Akaniuliza, "Na akiugua mwingine usiku, tutafanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi walimu wangu, ninyi wenzangu mtakaokuwa madaktari, mafundi na madiwani, ndilo swali ninalowaachia.